Usiisingizie Kamera Ndogo

Kuna sentensi naisikia karibu kila wiki kwa vijana wenzangu tunaozunguka na makamera shingoni hapa Dar: "Tatizo kamera yangu ndogo." Picha ikitoka na ukungu, kamera ndogo. Mhariri akiikataa, kamera ndogo. Bibi harusi akinuna, kamera ndogo. Basi leo natangaza kweupe kwamba mimi niko upande wa kamera ndogo. Inasingiziwa.

Nikisema kamera ndogo nina maana ya zile DSLR za daraja la chini, ambazo mtu hununua akianza kazi. Yangu ni Canon EOS 2000D, toleo la mwaka 2018, niliyoinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya milimeta 18 hadi 55. Jirani yangu wa kazini ana Nikon D3500, nayo ya mwaka huo huo. Watengenezaji sasa wameelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo ndani, lakini hizi za kwetu bado zinafanya kazi, na zinapatikana kwa bei ambayo mshahara wa mwandishi unaweza kuivumilia.

Kwa nini najali kiasi hiki? Kwa sababu rafiki yangu mmoja, ambaye hulipwa kwa picha iliyochapwa gazetini na si kwa picha aliyopiga, yuko mbioni kukopa kwenye kikoba ili anunue kamera ya milioni kadhaa. Mkopo wa kikoba si mchezo, ukichelewa marejesho unakuwa gumzo la mtaa mzima. Nimemwomba asubiri wiki mbili. Haya yafuatayo ndiyo ninayomweleza, nawe msomaji karibu usikilize.

Kwanza tujue ugonjwa kabla ya kutafuta dawa. Picha hukosa uwazi kwa sababu tatu kubwa. Mkono wa mpiga picha ulitikisika, au anayepigwa alisogea, au fokasi iliangukia mahali pengine. Kila ugonjwa una dalili zake. Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze, uikague. Ukiona kila kitu kimevutika upande mmoja, mtu, ukuta na hata maandishi ya bango, huo ni mkono wako. Ukiona ukuta umetulia lakini mtu amevutika, huyo alisogea na spidi yako ilikuwa ndogo. Ukiona sikio limetoka safi kila unywele, lakini jicho limefifia, hiyo ni fokasi. Hakuna hata moja kati ya haya matatu ambayo huponywa na kamera ya milioni tano ikiwa aliyeishika ni yule yule, na namba alizoweka ni zile zile.

Namba zenyewe ni tatu: spidi ya shata, upana wa tundu la lenzi, na ISO. Zote zinagombania kitu kimoja tu, mwanga. Ukimpa huyu, unamnyang'anya yule. Ndiyo maana ukiiachia kamera iamue yenyewe kwenye Auto, itakuchagulia namba za kuifurahisha picha kwa mwanga, lakini haijui kama unapiga mlima au mtoto anayeruka kamba.

Tuanze na spidi, maana ndiyo inayotuangusha wengi. Chukua mchezaji wa netiboli anayekimbia mita 5 kwa sekunde. Ukimpiga kwa spidi ya 1/60, muda shata ikiwa wazi yeye amesogea sentimeta 8. Sentimeta nane! Hiyo ni pua imehamia sikioni. Ukimpiga kwa 1/1000, amesogea milimeta 5 tu, na kwa mbali huoni kitu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza jiulize swali moja: huyu anakwenda kasi gani? Mtu aliyekaa anaongea, 1/125 inatosha, lakini kama ni mheshimiwa wa kurusha mikono panda mpaka 1/250. Mtu anayetembea, 1/250. Mpira, ngoma, watoto, anzia 1/500, na 1/1000 ni salama zaidi.

Halafu kuna mkono wako wewe. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni yao: spidi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimeta 50, spidi 1/50. Lakini kamera zetu hizi zina sensa ndogo kuliko filamu ya milimeta 35 (nazungumzia sensa ya ndani ya kamera, si ile ya kuhesabu watu), kwa hiyo zidisha kwa 1.6 kama ni Canon au 1.5 kama ni Nikon. Ukiwa kwenye milimeta 55, usishuke chini ya 1/100. Ukiwa kwenye milimeta 250, usishuke chini ya 1/400. Ndiyo, lenzi nyingi za siku hizi zina kituliza mtikisiko ndani yake, na kinasaidia kweli. Ila kinatuliza mkono wako tu. Hakiwezi kumtuliza mtoto wa watu anayecheza.

Namba ya pili ni upana wa tundu la lenzi, hii inayoandikwa f/3.5, f/8 na kadhalika. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaingia mwingi. Wengi hupenda tundu pana kwa sababu nyuma ya mtu kunafifia vizuri na picha inaonekana ya kitajiri. Sawa, lakini kuna gharama. Lenzi ya milimeta 50 ikifunguliwa mpaka f/1.8, ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, eneo linaloonekana vizuri lina kina cha sentimeta 6 hivi. Akigeuza uso kidogo, jicho moja limo na jingine limetoka. Funga mpaka f/4 na sasa una sentimeta 13 au 14, uso mzima umeingia. Ukipiga watu waliopangwa safu mbili, nenda f/8, la sivyo wa nyuma watakuja kukuuliza uliwakosea nini.

Lenzi nyingi za bei yetu hutoa picha nzuri zaidi ukizifunga hatua moja au mbili kutoka mwisho wa upana wake, yaani mahali fulani kati ya f/5.6 na f/8 kwa lenzi ya kawaida. Lakini usipitilize. Ukifika f/16 na f/22, mwanga ukipita kwenye tundu dogo namna ile unatawanyika, na picha nzima inalegea. Kwa hiyo yule anayedhani f/22 ndiyo uwazi wa mwisho anajipunja mara mbili, amepoteza mwanga na amepoteza uwazi.

Namba ya tatu ni ISO, na hapa naomba tuelewane vizuri. Vijana wanaiogopa ISO kama mbu wa dengue. Wamesikia kwamba ukiipandisha picha inajaa chengachenga, kwa hiyo wanaing'ang'ania 400 ukumbini usiku, spidi inaporomoka mpaka 1/20, na kila mgeni rasmi anatoka kama mzuka. Chengachenga ni kweli zipo. Lakini picha yenye chengachenga inachapika gazetini, maana karatasi ya gazeti yenyewe haioneshi mambo madogo madogo kiasi hicho. Picha iliyocheza haichapiki popote. Mhariri ataichagua ya ISO 3200 iliyotulia kabla ya ISO 400 iliyocheza, kila siku ya Mungu.

Tena chengachenga mbaya kuliko zote hutokea pale unapopiga picha ya giza kwa ISO ndogo, kisha ukalazimisha kuing'arisha kwenye kompyuta. Hili linatuhusu sana sisi wa huku. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinadhani kila kitu duniani kina mng'ao wa wastani. Bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe akijaa kwenye picha, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wake unabaki giza. Msemaji akisimama mbele ya dirisha, ni vile vile. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ongeza moja na uso utarudi.

Sasa tuziunganishe. Mimi naizungusha ile gurudumu ya juu kwenye Tv (Nikon wameandika S), naweka spidi ninayoitaka, naweka ISO ya Auto yenye kikomo cha 3200, naiachia kamera kazi ya tundu. Kwa picha za watu waliotulia natumia Av (kwa Nikon ni A), naweka f/5.6, lakini jicho langu haliachi kuangalia spidi pale chini. Kwa jua la saa nane mchana uwanjani, ISO 200, f/8 na 1/1000 vinakubaliana vizuri. Jioni ya saa kumi na mbili kuna mawingu, lenzi ikiwa kwenye f/5.6, ukitaka 1/500 jiandae kwa ISO 1600 au zaidi. Na kumbuka huku kwetu karibu na ikweta giza halibishi hodi. Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, na baada ya hapo kila dakika tano namba zako zimeshapitwa na wakati.

Ndani ya kumbi zenye taa za tyubu kuna mtego mwingine. Umeme wetu ni wa hertz 50, na taa nyingi za namna ile hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kuona. Ukipiga kwa 1/500 picha moja inatoka njano, nyingine ina giza nusu, na unadhani kamera imeharibika. Shuka mpaka 1/100 au 1/125. ISO 3200, f/5.6, 1/125, hizo ndizo namba ninazoanzia kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Na kama una hela kidogo ya ziada, badala ya kamera mpya nunua ile lenzi fupi ya milimeta 50 yenye f/1.8. Ukiitumia kwenye f/2 inaingiza mwanga mara nane ya ile ya f/5.6, yaani ISO inaweza kushuka kutoka 3200 mpaka 400. Huyo rafiki yangu nimemwambia hivyo hivyo: ukishindwa kabisa kuzuia mkono, kopa ya lenzi. Wenye Nikon D3500 tu wawe makini, kamera ile haina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo hakikisha lenzi unayonunua ina mota yake.

Nimebakiza fokasi. Canon yangu ina vituo 9 vya fokasi, D3500 ina 11. Ukiiacha kamera ichague yenyewe, mara nyingi itashika kilicho karibu zaidi, yaani maikrofoni, maua ya mezani, au bega la mwandishi mwenzako. Chagua kituo kimoja. Cha katikati ndicho chenye nguvu kwenye kamera hizi, hasa gizani. Kiweke kwenye jicho lililo karibu nawe, bonyeza nusu, subiri mlio, panga picha yako, kisha malizia. Mtu akiwa ametulia tumia chaguo lililoandikwa One Shot. Akiwa anakimbia weka AI Servo, ili kamera iendelee kumfuata. Kwa Nikon ni AF-S na AF-C.

Na kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye namba. Bana viwiko kwenye mbavu. Egemea nguzo. Piga tatu mfululizo, maana ya kwanza mara nyingi hubeba mtikisiko wa kidole na ya pili hutulia. Pembeni ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo, kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri kwa jicho lako, hasa wewe mwenye miwani. Usifute lenzi kwa ncha ya fulana, vumbi la Dar ni msasa. Na ukitoka ofisini kwenye kiyoyozi kikali ukaingia kwenye joto la Posta saa saba mchana, lenzi inashika ukungu kama kioo cha bafuni. Usifute, itarudi tena. Iache kamera ndani ya mkoba kama robo saa kabla ya kuitoa, ipate joto polepole.

Mwisho kabisa, usimtumie mhariri picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa, na kazi yako yote inaliwa njiani. Itume kama faili, au kwa barua pepe.

Naam, kuna atakayesema: dada, mbona unang'ang'ania uwazi kama dini? Robert Capa alipiga picha za askari wakitua ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944, nyingine zimetikisika vibaya, na dunia inaziheshimu mpaka leo. Ni kweli, na kitabu chake cha mwaka 1947 alikipa jina la utani juu ya fokasi iliyopotea. Picha iliyocheza inaweza kubeba ukweli. Lakini Capa alikuwa ndani ya maji, risasi zinapita. Sisi tuko kwenye semina ya siku mbili yenye chai na sambusa.

Na kuna jambo ambalo ndilo hasa linanifanya niandike. Mwaka jana nilikuwa na makala juu ya madereva wa bodaboda. Kijana mmoja alinipa dakika kumi kijiweni kwake, nikampiga picha akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, anacheka. Ilikuwa kivulini, f/5.6, 1/250, ISO 800, fokasi kwenye jicho. Gazeti lilitumia picha nyingine, yake ikabaki kwenye kompyuta yangu. Miezi minne baadaye mama yake alinipigia simu, namba aliipata kwa wale wa kijiweni. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nasikia wewe ulimpiga picha." Kijana alikuwa amefariki kwa ajali. Familia ilikuwa inatafuta picha ya kukuza kwa ajili ya msiba, na kila waliyoipata kwenye simu za ndugu na marafiki ilikuwa ndogo, ya giza, au imekatwa kwenye kundi la watu, ukikuza unabaki na rangi tu.

Picha ya kamera yangu ndogo ina pikseli 6000 kwa 4000. Hiyo inachapwa sentimeta 50 kwa 34 kwa ubora kamili, zaidi ya karatasi ya A3. Niliipeleka kuchapwa mwenyewe. Siku ya mazishi mdogo wake aliibeba mbele ya jeneza, na watu waliokuwa mbali waliweza kuuona ule mwanya alipokuwa akicheka. Mama hakuuliza kamera ilikuwa ya bei gani.

Sisi tunaobeba kamera hatujui ni picha ipi itakuja kuulizwa. Unaweza kudhani ni picha ya kujazia ukurasa wa saba, kumbe ni ya mwisho ya mtu huyo yenye uso wake kamili. Mohamed Amin, yule Mkenya aliyeanzisha Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alianza kazi enzi za filamu. Hakukuwa na skrini ya kukagulia. Unahesabu picha 36, unapima mwanga, unabonyeza, unaomba Mungu. Sisi tuna skrini, tuna kitufe cha kukuza, tuna kadi inayobeba mamia ya picha, na bado hatukagui jicho kabla mtu hajaondoka.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kwako na kwa rafiki yangu wa kikoba, ni hii. Nenda kituo chochote cha daladala jioni. Piga watu wanaopanda gari kwa 1/30, kisha 1/60, 1/125, 1/250 na 1/500, na ISO uiache ipande inavyotaka mpaka 3200. Omba ruhusa, watu wetu ukiwaeleza wanaelewa. Rudi nyumbani, zikuze zote kwenye kompyuta, na andika kwenye karatasi ni spidi gani mkono wako unaanza kutulia na ni spidi gani mtu anaacha kuvutika. Karatasi hiyo ibandike ndani ya mkoba wa kamera.

Baada ya wiki mbili, kama picha bado zinacheza, kakope. Nitakuwa mdhamini wako.